Salama kwa Nani? Historia ya Uandishi wa Usalama wa Nyuzi katika Miongozo ya Programu, 1971–2025

Ikisiri

Makala haya yanachunguza jinsi miongozo ya programu za kompyuta ilivyojifunza kueleza jambo moja: iwapo funksheni ya maktaba inaweza kuitwa na nyuzi zaidi ya moja kwa wakati mmoja bila kuharibu data. Matini zilizochunguzwa ni mwongozo wa Unix, kiwango cha POSIX, kurasa za Solaris, vitabu vya Java na mwongozo wa maktaba ya C ya GNU. Inajengwa hoja kwamba mvutano uliomo katika historia hii haukuwa wa kiufundi pekee. Ulikuwa pia mvutano wa kisemantiki na kipragmatiki juu ya kivumishi “salama”, na juu ya nani anayebeba ahadi iliyomo ndani yake. Pale inapofaa, kauli hizo zinapimwa kwa sarufi ya Kiswahili.

Utangulizi

Mwongozo wa programu ni matini ambayo mara chache huhesabiwa kuwa na historia. Husomwa kwa haraka, na mtu mwenye shida, kisha hufungwa. Hata hivyo matini hiyo ina kaida zake, ina vichwa vidogo vilivyodumu kwa zaidi ya nusu karne, na ina kauli ambazo wahandisi wamezigombania kama wanasheria wanavyogombania kifungu cha mkataba. Mojawapo ni ile inayosema kwamba funksheni fulani ni salama kwa nyuzi.

Uzi, katika taaluma ya kompyuta, ni mfululizo mmoja wa maagizo unaotekelezwa ndani ya programu. Programu moja inaweza kuwa na nyuzi nyingi zinazokwenda sambamba, na zote hutumia kumbukumbu ileile. Hapo ndipo penye faida, na ndipo penye hatari. Nyuzi mbili zikiandika mahali pamoja kwa wakati mmoja, matokeo hutegemea ipi iliyotangulia kwa sehemu ndogo mno ya sekunde. Programu inaweza kufanya kazi vizuri mara elfu moja na kuharibika mara ya elfu moja na moja, tena bila kuacha alama.

Tarehe 14 Agosti 2003 hitilafu ya jamii hii, ambapo michakato miwili iliandika katika muundo mmoja wa data kwa wakati mmoja, ilinyamazisha mfumo wa kengele za tahadhari katika kituo cha kuongozea umeme jimboni Ohio, Marekani. Waendeshaji hawakujua kuwa hawaonyeshwi kinachotokea. Hiyo haikuwa sababu pekee ya maafa ya siku ile, lakini kabla ya usiku umeme ulikuwa umekatika kwa watu wapatao milioni 50 wa Marekani na Kanada, na wachunguzi walihitaji majuma kadhaa kuifikia hitilafu yenyewe ndani ya msimbo. Hakuna mwongozo ambao peke yake ungeizuia. Tukio hilo linaonyesha tu ukubwa wa kile kinachozungumziwa katika mstari mfupi ulio chini ya ukurasa.

Kasoro inayokiriwa

Toleo la kwanza la mwongozo wa Unix, lililoandikwa na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika Bell Labs, lina tarehe ya 3 Novemba 1971. Kila ukurasa ulikuwa na sehemu zilizopangwa kwa utaratibu mmoja: jina, muhtasari wa matumizi, maelezo, mafaili yanayohusika, kurasa nyingine za kutazamwa na sehemu ya kasoro. Sehemu hiyo ya kasoro ndiyo iliyoupa mwongozo huo tabia yake. Mwenye chombo alikiri hadharani chombo chake kilipopungukia.

Katika toleo la saba, la mwaka 1979, ukurasa wa ctime, funksheni inayogeuza saa ya kompyuta kuwa maandishi, unakiri chini ya kasoro kwamba matokeo hukaa mahali maalumu pasipohama, na kwamba kila mwito mpya hufuta matokeo ya mwito uliotangulia. Kauli hiyo haina neno “uzi”, wala haikuhitaji kuwa nalo. Msomaji aliyekusudiwa alikuwa mtu mmoja mwenye programu inayokwenda njia moja, na hatari aliyoonywa ilikuwa ya kujisahau: kuita funksheni mara mbili kisha kudhani matokeo ya kwanza bado yapo. Miaka kumi na mitano baadaye sentensi ileile ilisomwa kwa macho mengine. Mwito wa pili sasa uliweza kutoka kwa uzi mwingine kabisa, na msomaji hakuwa na namna ya kujua ungekuja lini. Maneno hayakubadilika, aliyebadilika ni msikilizaji asiyetajwa ndani yake.

Funksheni strtok, inayokata mfuatano wa herufi vipande vipande, ina tatizo hilohilo kwa umbo baya zaidi, kwa sababu hukumbuka yenyewe ilipoishia. Kiwango cha lugha ya C cha mwaka 1989 kiliirasimisha bila kugusia nyuzi, kwani kwa kiwango hicho nyuzi hazikuwapo. Zilingoja toleo la mwaka 2011.

Herufi moja

Kamati ya POSIX ilipopitisha sehemu ya nyuzi mwaka 1995, ile inayojulikana kama 1003.1c, ilikuta maktaba nzima imejengwa juu ya mazoea ya mkaaji mmoja. Funksheni za zamani hazikuweza kubadilishwa umbo bila kuvunja programu zilizozitegemea. Suluhisho lilikuwa la kimofolojia: majina mapya yaliundwa kwa kuambatisha kiambishi tamati _r kwenye ya zamani. Hivyo pakawa na strtok_r, ctime_r, localtime_r, rand_r, readdir_r na ndugu zao, ambazo humtaka mwitaji alete mwenyewe mahali pa kuwekea matokeo.

Herufi hiyo ilitoka katika neno la Kiingereza linaloeleza msimbo unaoweza kuingiwa upya kabla aliyemo hajatoka. Neno hilo lilikuwa la kompyuta kubwa za miaka ya 1960, ambapo watumiaji wengi walishirikiana nakala moja ya programu. Kuingilika upya na kuwa salama kwa nyuzi ni mambo mawili tofauti. Funksheni inayojilinda kwa kufuli inaweza kuwa salama kwa nyuzi na bado isiingilike upya: uzi ulioshika kufuli ukikatizwa na ishara, kisha kishughulikia ishara kikaiita funksheni ileile, uzi huo utaingoja kufuli ambayo wenyewe umeishika. Kiambishi kilibeba maana ya zamani, kikapewa kazi ya maana mpya, na wasomaji wengi wakajifunza kanuni rahisi mno kwamba penye r pana amani.

Kisa cha readdir_r kinaonyesha gharama ya kanuni hiyo. Funksheni readdir husoma majina ya mafaili yaliyomo katika saraka, moja baada ya jingine. Kiwango cha 1995 hakikuitaka iwe salama kwa nyuzi, na readdir_r ikaletwa iwe badala yake. Mwitaji alipaswa kuleta nafasi ya kutosha kwa jina la faili. Lakini urefu wa juu wa jina hutofautiana kati ya mfumo mmoja wa mafaili na mwingine, na si kila mara unaweza kujulikana kwa uhakika kabla ya kuita. Nafasi ikiwa ndogo, data hufurika na kuharibu kumbukumbu ya jirani. Wakati huohuo utekelezaji wa kawaida wa readdir uliendelea kuboreka hadi ikawa haina hatari alimradi kila uzi unasoma saraka kupitia mkondo wake. Maktaba ya C ya GNU, katika toleo la 2.24 la mwaka 2016, iliitangaza readdir_r kuwa haifai kutumiwa tena. Iliyoitwa salama ndiyo iliyoachwa, na iliyoorodheshwa miongoni mwa zisizo na dhamana ndiyo inayopendekezwa.

Jina errno lilikwenda njia nyingine. Lilikuwa kigeu kimoja cha programu nzima, mahali panapoandikwa namba ya kosa la mwisho. Tangu 1995 kila uzi una errno yake, na jina lile, linaloonekana kama kigeu, kwa kawaida huficha mwito wa funksheni. Hakuna kiambishi kilichoongezwa, na programu za zamani zilihitaji tu kukusanywa upya.

Si lazima iwe

Jambo kubwa zaidi katika kiwango cha 1995 si majina mapya. Ni sentensi moja ya jumla iliyosema kwamba funksheni zote za kiwango sharti ziwe salama kwa nyuzi, isipokuwa zilizotajwa katika orodha. Kwa sentensi hiyo ukimya ulibadilika maana. Kabla yake, ukurasa usiosema lolote kuhusu nyuzi haukuahidi lolote. Baada yake, ukurasa usiosema lolote uliahidi.

Orodha ya zilizotengwa iliandikwa kwa uangalifu wa kisarufi unaostahili kutazamwa. Haikusema kwamba funksheni hizo si salama. Ilisema kwamba hazilazimiki kuwa salama. Mtengenezaji wa maktaba aliye na uwezo wa kuzifanya salama ana ruhusa ya kufanya hivyo, na mtumiaji hana haki ya kudai. Hapa Kiswahili kina mtego wake. Mfasiri akiandika kwamba funksheni “haitakiwi kuwa salama”, msomaji anaweza kuelewa kwamba halidaiwi sharti hilo, au kwamba imekatazwa kuwa salama, kama mzazi anavyomwambia mtoto kwamba hatakiwi kucheza barabarani. Ukanushi umekaa juu ya kitenzi, na upeo wake hauonekani. “Si lazima iwe salama” hulitenga lazima na kulikanusha peke yake, na “sharti isiwe salama” hubeba maana ile nyingine. Katika hadithi fupi utata wa “haitakiwi” usingemsumbua mtu, lakini katika kiwango cha kiufundi ungetosha kugeuza ruhusa kuwa marufuku.

Tofauti ya njeo na dhamira nayo ina uzito. Kurasa za Unix zilieleza: funksheni hufanya hivi, hurejesha hiki. Kiwango huamuru: sharti ifanye, sharti irejeshe. Kiambishi hu- cha Kiswahili hutoshea sana kauli za namna ya kwanza, kwa kuwa hueleza mazoea bila kuyaahidi. Hurejesha leo, na kesho mwenye msimbo akibadili mwenendo, sentensi itakuwa imepitwa na wakati, lakini haitakuwa imevunja ahadi. Swali la kama mwongozo ni maelezo ya mazoea au ni ahadi liliachwa bila jibu kwa muda mrefu. Lilirudi kwa nguvu mwaka 2014.

Lebo

Kabla ya kufika huko, zitajwe njia mbili zilizopita kando. Sun Microsystems, katika kurasa za Solaris za miaka ya 1990, iliweka mwishoni mwa kurasa jedwali dogo la sifa, na ndani yake kiwango cha usalama kwa nyuzi. Palikuwa na salama, isiyo salama, salama pamoja na isipokuwa kadhaa, na nyinginezo. Sentensi ilikuwa imegeuka kuwa lebo. Lebo husomwa upesi na hulinganishika kwa urahisi, lakini hukosa kitenzi, na kwa kukosa kitenzi hukosa wakati na mtenda.

Katika Java, Joshua Bloch alitenga sehemu ya kitabu chake cha mwaka 2001, Effective Java, kuwahimiza watengeneza programu waandike usalama wa nyuzi wa kila darasa walilotunga, akipanga ngazi kuanzia vitu visivyobadilika kabisa hadi vile ambavyo hata mwitaji akijilinda bado ni hatari. Aliwatahadharisha dhidi ya dhana iliyoenea kwamba neno synchronized katika msimbo linatosha kuwa maelezo. Kwake neno hilo ni siri ya jikoni, haliwekwi mezani. Mwaka 2006 kitabu Java Concurrency in Practice, cha Brian Goetz na wenzake, kilipendekeza alama za kuandikwa juu ya darasa lenyewe. Miongozo ya .NET ya Microsoft, kwa upande wake, ilichagua tamko moja na kulirudia neno kwa neno katika kurasa nyingi mno: vinavyomilikiwa na aina kwa ujumla ni salama, vya kila kielelezo havina dhamana. Tamko hilo ni sahihi. Likirudiwa kiasi hicho, hata hivyo, huwa kama bismillahi ya mwandishi wa barua: jicho hulipita likitafuta barua yenyewe inaanzia wapi.

Neno “ya awali”

Maktaba ya C ya GNU, inayotumika katika mifumo mingi ya Linux, ilikuwa na mwongozo mkubwa ambao kwa miaka mingi haukueleza usalama wa nyuzi kwa utaratibu. Ukimya huo ulivumilika kompyuta nyingi zilipokuwa na kichakataji kimoja, kwa kuwa nyuzi zilipokezana na kugongana kulikuwa kwa nadra. Tangu katikati ya miaka ya 2000 vichakataji vyenye viini viwili na zaidi vilienea hadi kwenye meza za kawaida, na nyuzi zikaanza kwenda sambamba kwa kweli. Alexandre Oliva, mhandisi aliyekuwa Red Hat, aliifanya kazi ya kupitia msimbo, funksheni kwa funksheni. Matokeo yake yaliingia katika toleo la 2.19, Februari 2014.

Kila funksheni ilipewa hukumu tatu: mbele ya nyuzi nyingi, mbele ya ishara zinazokatiza, na mbele ya kusitishwa ghafla kwa uzi. Mgawanyo huo unagusa kasoro ya Kiingereza chenyewe. Kiingereza huunganisha nomino na kivumishi kwa kistari, na kistari hicho hakisemi uhusiano uliopo. Kiswahili humlazimisha mwandishi kuchagua. Salama dhidi ya nyuzi? Nyuzi zingekuwa adui. Salama kwa nyuzi? Nyuzi ndizo zinazolindwa. Salama penye nyuzi nyingi? Nyuzi ni mazingira tu. Maelezo ya mwongozo wa GNU yako karibu zaidi na la tatu, na yanaongeza tahadhari nzito: kuwa salama hakumaanishi kwamba kazi yote hufanyika kwa pigo moja lisilogawanyika, na funksheni mbili zilizo salama zikiitwa kwa kufuatana, mfuatano huo unaweza usiwe salama. Ndiyo maana “usalama wa nyuzi”, istilahi inayokuja mdomoni kwa wepesi, ina upungufu: kihusishi -a huficha kilekile kilichofichwa na kistari.

Mbele ya hukumu zote hizo liliwekwa neno la Kiingereza lenye maana ya “ya awali”. Mwongozo ulifafanua kwamba hukumu yenye neno hilo ilitokana na kuusoma msimbo kama ulivyokuwa, na kwamba msomaji asiijengee, kwa kuwa inaweza kubadilika. Kwa maneno mengine, hiyo ni hu-, si sharti. Uamuzi huo ulikuwa wa kiungwana, na ulikuwa na gharama. Msomaji hufungua mwongozo akitafuta ruhusa ya kuita funksheni, na hapewi ruhusa. Hupewa taarifa ya hali ilivyo leo.

Kilichofuata ni cha kuvutia zaidi. Mradi wa kurasa za mwongozo za Linux, ulioongozwa na Michael Kerrisk, uliichukua istilahi hiyo ya GNU na kuiweka katika majedwali mafupi mwishoni mwa kurasa za funksheni. Lebo zilihamia huko. Neno “ya awali” halionekani ndani ya majedwali hayo. Msomaji wa hati za kale za tenzi hatashangaa: mnakili huchukua beti na kuyaacha maelezo ya pembeni. Kwa watumiaji wengi wa Linux ukurasa huo mfupi ndio mwongozo wanaoufungua, na katika safari ya kutoka kitabu kimoja hadi kingine maelezo ya mazoea yalichukua sura ya ahadi.

Salama, lakini

Lebo za GNU zina sehemu ya pili ambayo wengi huiruka. Baada ya neno salama huja maneno madogo yanayotaja masharti. Funksheni localtime_r, inayogeuza saa kuwa tarehe ya mahali, imeandikwa kuwa salama, kisha yanafuata maneno env na locale. La kwanza lina maana kwamba funksheni husoma vigeu vya mazingira ya programu, hapa kigeu kinachotaja ukanda wa saa, bila kinga yoyote endapo uzi mwingine unavibadilisha wakati huo. Mtu anaweza kuuliza ni usalama gani huo.

Jibu la mwongozo ni la kisheria zaidi kuliko la kiufundi. Wanaosoma ni wengi, wanaoandika ni wachache. Kwa hiyo lawama imewekwa kwa anayeandika. Funksheni setenv, inayobadilisha mazingira, ndiyo iliyohukumiwa kuwa si salama, na wasomaji wote wakaachiliwa na kupewa neno la tahadhari. Mgawanyo huo wa hatia unatetewa kwa urahisi. Bila huo sehemu kubwa ya maktaba ingebeba lebo ya hatari, na lebo inayobandikwa kila mahali haimwonyi mtu. Lakini unamtaka mwenye programu ajue kila mahali ambapo mazingira yanabadilishwa, pamoja na ndani ya maktaba za watu wengine ambazo hajawahi kuzisoma.

Mwaka 2020 deni hilo lilidaiwa mahali pasipotazamiwa. Rust ni lugha iliyojengwa ili kikusanyi chenyewe, si mwongozo, kikatae msimbo unaoruhusu nyuzi kugongana juu ya data. Maktaba zake mbili maarufu za tarehe na saa, time na chrono, zilikuwa zikiita localtime_r ya mfumo. Ndani ya Rust kulikuwa na funksheni ya kubadilisha mazingira iliyohesabiwa kuwa salama, na maelezo yake yalikuwa na tahadhari kuhusu programu zenye nyuzi nyingi. Uzi mmoja ukibadilisha mazingira wakati mwingine unasoma saa, programu ingeweza kuanguka. Matangazo ya udhaifu wa kiusalama yalitolewa juu ya maktaba zote mbili. Aina za data zilikuwa zimekaguliwa zote, ila neno env lililokuwa chini ya ukurasa wa lugha nyingine halikuwa na njia ya kuingia katika ukaguzi huo.

Katika toleo la lugha hiyo linaloitwa la 2024, lililotoka Februari 2025, funksheni ya kubadilisha mazingira iliandikwa upya kuwa isiyo salama. Tangu hapo anayeiita katika toleo hilo hulazimika kuandika neno unsafe katika msimbo wake mwenyewe, kwa mkono wake, na bila neno hilo programu haikusanywi. Kukiri kulikokuwa kwa mwandishi wa mwongozo mwaka 1971 kumehamia kwa mwitaji. Ukurasa wa maelezo wa funksheni hiyo haukufutwa wala kufupishwa. Una kichwa kidogo kinachohusu usalama, na chini yake aya zinazoeleza, kwa sentensi kamili zenye vitenzi, ni lini mtu anaweza kuiita katika programu ya uzi mmoja, katika Windows, na katika mifumo mingine yote.